Inhela ya Mwoka Mikate

Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa mjukuu wako ameota jino la nne na ameamua kulijaribu begani kwangu. Baba yake yuko safarini na lori lake, anakusalimu. Mama Mkubwa goti linamsumbua bado? Nimemwekea dawa ya kuchua, iko kwenye karatasi ya kaki. Mwambie asishike macho baada ya kuipaka, nisisikie tena vile vilio vya mwaka jana.

Nimekupigia simu mara tatu, inaita mpaka inakata. Basi nakuandikia, na nakuomba usome kama vile nimesimama mbele yako.

Daktari alisema mbele yetu sote wawili kwamba unga ndio unaokula kifua chako. Ukaniahidi utaondoka kwenye kukanda uende dirishani kuuza. Nimekushika kwa neno hilo. Ndani ya kifurushi kuna inhela mbili. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata kama unajisikia kijana wa miaka ishirini. Hiyo ibaki nyumbani. Ya buluu ni ya kubanwa, na haitakiwi kuachana na wewe hata ukienda chooni.

Unavua kifuniko, unatikisa. Unatoa pumzi zote nje kwanza, taratibu, mpaka kifua kiwe kitupu. Unaiziba kwa midomo pasipo kuacha upenyo. Unaanza kuvuta ndani, na ukiwa tayari unavuta ndipo unabonyeza, mara moja tu. Endelea kuvuta polepole, halafu zuia pumzi na uhesabu mpaka kumi. Watu wengi wanabonyeza kwanza ndipo wanavuta, na dawa yote inaishia kwenye ulimi. Ukimaliza rudisha kifuniko.

Niandikie umefanyaje. Tafadhali, Mjomba.

Mpwa wako,
Kijiko

*

Tarehe 24 Februari

Kijiko,

Marahaba. Mzigo umefika salama. Mama Mkubwa ameipaka ile dawa gotini, halafu akajikuna jicho. Kwa hiyo majirani wote wanajua kwamba umetuma dawa.

Pole kwa bega lako. Wewe ulipokuwa na meno manne ulimuuma mteja, mama mmoja mwenye heshima zake aliyekuja kuagiza mikate ya harusi. Ulikuwa umekaa juu ya gunia na kijiko chako mkononi, unapima unga unaumwagia miguuni mwangu. Sikukugombeza. Ningekugombeza saa hizi ungekuwa mtu mwenye adabu.

Kuhusu simu, mimi na ile simu tumekosana. Inanikatia maneno katikati. Barua ninaisoma nikairudia, na Mama Mkubwa naye ninamsomea kwa sauti akajifanya hasikii yale asiyoyataka. Tuendelee hivi hivi.

Dirishani niko. Kazi ya kukaa kwenye kiti na kusema "karibu mteja". Mwoka mzima na mikono yangu hii.

Inhela natumia kama ulivyosema.

Mjomba wako

*

Tarehe 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia uko dirishani, hata kama unanuna. Mjukuu amepata mafua, hajambo sasa.

Lakini "natumia kama ulivyosema" si jibu. Hilo ndilo jibu ninalopewa hapa kwenye kaunta ya dawa kutwa nzima. Ninamwelekeza mtu, ninamuuliza umeelewa, anasema ndiyo, ndiyo sana, huku jicho liko mlangoni. Siku hizi siulizi tena kama mtu ameelewa. Ninampa inhela tupu ya kufanyia mazoezi, ninamwambia nionyeshe. Hapo ndipo utaona vituko. Juzi fundi saa mmoja alibonyeza mara tatu mfululizo akavutia puani. Alikuwa ameitumia hivyo mwaka mzima, maskini, na kila siku anasema ndiyo.

Mwenye duka hafurahi. Anasema ninakaa dakika kumi kwa mtu mmoja na foleni inafika barabarani. Ninamjibu wasubiri. Tumeshaitana ofisini mara mbili kwa jambo hilo.

Wewe siwezi kukuambia nionyeshe, uko mbali. Basi niandikie hatua kwa hatua, toka unapoitoa mfukoni mpaka unapoirudisha. Usinifanyie ubahili wa wino.

Kijiko

*

Tarehe 30 Aprili

Kijiko wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Mvua hapa haijakata wiki tatu. Nyumba imejaa unyevu, nguo hazikauki, hata soksi ninazivaa zikiwa mbichi. Mama Mkubwa anasema kuta zinatoka jasho kama yeye.

Nakuandikia kwa kituo, nusu leo na nusu kesho, usishangae kuona wino umebadilika.

Umekuwa mkali sana wewe. Barua zako zinasomeka kama karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi. Mtoto wa dada yangu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu ananiambia nieleze ninavyovuta pumzi! Kwani imekuwaje? Ulikuwa unacheka zamani. Kama kuna jambo huko kazini, sema.

Mimi nina swali moja la kitaalamu, ili usiseme sisomi. Ile ya buluu siku hizi ina utando mweupe pale mdomoni, na ndani kwenye kitundu pia. Nikibonyeza inatoka kwa kujivuta. Ni kitu gani, na ninafanyaje?

Mjukuu mbusu kwenye meno yote manne.

Mjomba wako

*

Tarehe 12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Yamekuwa saba sasa, na ya mwisho yametuondolea usingizi wiki nzima.

Umefanya vizuri kuuliza. Utando huo mweupe usikutishe, ni dawa yenyewe imekauka pale kitunduni. Inatokea kwa kila mtu. Chomoa lile kopo la chuma uliweke pembeni, lisiguse maji. Ile plastiki tu ndiyo uioshe, maji ya vuguvugu yanayotiririka, juu na chini. Kung'uta, halafu iache ikauke kabisa mpaka kesho yake, usiifute kwa kitambaa. Ikishakauka rudisha kopo, bonyeza mara moja hewani kuhakikisha. Fanya hivyo kila wiki, chagua siku moja usiisahau.

Kazini hakuna jambo. Ni uchovu tu.

Bado hujaniandikia hatua kwa hatua. Usifikiri sijaona ulivyoniruka.

Kijiko

*

Tarehe 2 Julai

Kijiko,

Marahaba. Barua fupi leo, mkono umechoka.

Naiosha kila Jumamosi, hata Mama Mkubwa atakuwa shahidi. Inarudi nyeupe kabla ya wiki kuisha. Mashine mpya ya kukandia inarusha kupita ile ya zamani, wameifunga bila mfuniko. Lakini nikiosha inatoa sauti yake vizuri siku mbili tatu.

Kifua hakijambo. Kwenye ngazi tu ndipo kinanikumbuka.

Mama Mkubwa anauliza lini mtakuja. Anataka kumwona mtoto kabla hajaanza kujibu watu kwa jeuri, maana anasema ukoo wetu huwa unawahi.

Mjomba wako

*

Tarehe 19 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Mtu aliyekaa dirishani anajuaje mashine ya kukandia inarusha kiasi gani?

Nimeisoma sentensi hiyo zaidi ya mara kumi. Sitaki kukutukana, wewe ni baba yangu kwa kila kitu isipokuwa jina, kwa hiyo nimekaa siku mbili kabla ya kushika kalamu. Bado nina hasira.

Uliuliza imekuwaje. Nitakuambia, labda ukisikia langu na wewe utasema lako.

Mwaka jana mwezi wa Novemba alikuja mshonaji, mwanamke wa umri wangu, na karatasi ya daktari. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimpa inhela, nikamweleza harakaharaka kama mtu anayesoma tangazo, nikamuuliza umeelewa. Akasema ndiyo. Nikamwita anayefuata. Baada ya wiki tano akaja mumewe na ile inhela ndani ya mfuko wa plastiki. Alisema imebaki nyingi, ni vibaya kuitupa, labda itamfaa mgonjwa mwingine. Nikamuuliza mkeo alikuwa anaitumiaje. Akatoa leso mfukoni, akaipulizia dawa, akaikunja, akaiweka puani. "Hivi," akasema. "Kila siku asubuhi na jioni. Hakuwahi kukosa."

Hakunilaumu. Alinishukuru, Mjomba! Alinishukuru kwa msaada wote. Mpaka leo sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Kila anayeingia dukani akiwa anahema ninaona ile leso.

Ndiyo maana mimi ni mkali. Kwa hiyo sasa niandikie. Sitaki "kama ulivyosema". Andika uko wapi, umesimama au umekaa, inhela iko mfuko gani, nani yuko karibu, mpaka unapoirudisha. Likizo yangu ni tarehe kumi Septemba. Nakuja na mtoto, na utanionyesha mbele ya macho yangu.

Kijiko

*

Tarehe 27 Agosti

Kijiko, mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimekwenda nayo kazini na kuirudisha nyumbani mwezi mzima. Pole. Pole sana. Umebeba mzigo huo peke yako, na mimi huku nakutania kwamba umekuwa mkali. Yule mshonaji hukumuua wewe. Ungekuwa hapa ningekukalisha juu ya gunia nikakupa kijiko.

Haya, nasema langu.

Siko dirishani. Nilikaa siku mbili. Watu wananunua mikate iliyokandwa na mtu mwingine, imedidimia katikati, wananiangalia mimi usoni kana kwamba nimewakosea, nami nasema karibu mteja. Siku ya tatu nikarudi ndani. Hakuna aliyenilazimisha. Aibu ndiyo iliyonirudisha.

Sasa toka mfukoni mpaka mfukoni, kama unavyotaka. Nimesimama kwenye meza ya kukandia, kati ya mashine na magunia. Ya buluu iko mfuko wa kifuani wa aproni. Kifuniko sina. Kilidondoka kwenye mashine mwezi wa Machi ikiwa inazunguka, tukalipekua donge zima hatukukiona, na mpaka leo naogopa kuna familia ilikila. Nikibanwa nageukia ukutani wenzangu wasinione. Naifuta mdomo kwa aproni. Natikisa. Natoa pumzi zote. Naziba, naanza kuvuta, ndipo nabonyeza, mara moja. Nazuia mpaka kumi, na kumi zangu ni kumi za kweli. Hapo huna pa kunikosoa.

Jumamosi mchana naiosha kwenye bomba la nyuma. Nyumbani hakuna kinachokauka, kwa hiyo naianika palepale bekari, juu ya rafu ya kupozea mikate, pana joto zuri. Jumapili tumefunga, nakaa bila. Jumatatu naikuta imekauka.

Na ule utando mweupe. Ulisema ni dawa iliyokauka. Mimi nilijua ni unga. Nimeishi na unga miaka thelathini na minne, nani ataniambia nini kuhusu unga? Lakini ningekuandikia kwamba ni unga ungejua nimesimama wapi. Nikaona bora iwe dawa.

Simu nayo haina kosa. Ungesikia kifua changu. Karatasi haisikii.

Nimechoka, Kijiko. Mwisho wa mwezi nawaambia watafute mwoka mwingine, safari hii kweli. Mama Mkubwa ameshaanza kufua mashuka ya kulalia nyinyi.

Ukija niletee kifuniko kingine.

Mjomba wako

*

Tarehe 14 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo.

Mume wangu ameniona ninaandika akaniuliza barua ya nani, nikamwambia ya kazini. Nisamehe kwa uongo huo. Mama Mkubwa tunaye hapa kwangu tangu Oktoba. Anasema chumba hakina unyevu kwa hiyo hakiwezi kuwa chumba cha kweli. Mjukuu anatembea. Anamshika bibi yake kwenye goti bovu, lilelile, na wote wawili wanapiga kelele.

Barua yako ilinikuta nimeshatoka kukuzika.

Simu ililia tarehe 29 Agosti, saa tatu asubuhi, nikiwa kaunta. Nikaona namba yako. Nilifurahi, nikasema peke yangu, leo amepatana na simu yake. Alikuwa mwenzako wa kwenye tanuri. Alisema ulibanwa ukiwa mezani, ukageukia ukutani kama kawaida yako, wakakuacha kwa sababu hupendi kuangaliwa. Alisema ulibonyeza, ukatikisa, ukabonyeza tena, mara nyingi. Ilikuwa inakwaruza tu, haitoi kitu. Walipokufikia ulikuwa umekaa chini umeegemea magunia.

Niliporudi, bahasha yako ilikuwa inanisubiri pale kaunta, umeitia posta siku moja kabla ya simu ile. Nilipoifungua, unga ukamwagika juu ya kitabu cha dawa. Nikaisoma nimesimama, na foleni iko mbele yangu. Nilipofika pale ulipoandika kwamba ulijua, nilipiga kelele nikasema mjinga wewe. Wateja walishtuka. Sijui nilikuwa nakwambia wewe au najiambia mimi.

Aproni yako walinipa na kila kitu kilichokuwemo. Ile ya buluu niliifungua siku ileile niliyosoma barua, nyuma ya duka, kwenye stoo. Kopo lilikuwa zito, dawa ipo zaidi ya nusu. Kitundu kilikuwa kimezibwa na kitu kigumu, nikakitoa kwa pini, kikaniangukia kiganjani. Kinakaribia ukubwa wa punje ya mchele. Nilikinusa. Kilinuka hamira.

Nimewasafishia watu utando ule mara mia. Dukani kwangu cheupe ni dawa, basi sikuwaza kwamba kwako kinaweza kuwa kitu kingine. Nilikwambia uiache ikauke mpaka kesho yake. Umeifuata hiyo kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumfundisha. Uliilowesha kila wiki ukaipeleka kwenye unga ili uinatie, kwa maagizo yangu, kwa mwandiko wangu. Nilikuuliza kila kitu, Mjomba. Hilo moja sikukuuliza.

Nina hasira na wewe pia, usidhani nimesamehe yote. Dirisha lilikuwepo. Kiti kilikuwepo.

Mwenye duka bado analalamika. Dakika zimekuwa kumi na mbili. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja fundi seremala, nyusi zimejaa vumbi la mbao, ana inhela kama yako, ya buluu. Nikamwambia nionyeshe. Akanionyesha vizuri kabisa, hatua zote, akazuia mpaka kumi, akaniangalia kwa majivuno. Foleni nyuma yake ikaanza kusogea ikidhani tumemaliza. Nikamuuliza, "Mzee, ukishaiosha unaianika wapi?"

Akacheka. "Si palepale karakana, mwanangu. Juu ya mbao. Jua linapiga vizuri."

Nilitoka nyuma ya kaunta nikamvutia kiti. Tulikaa mpaka akaniambia ataianika kwenye dirisha lipi la nyumbani kwake, na ni nani atakayeiangalia. Aliniuliza kwa nini ninalia, nikamwambia ni vumbi lake.

Kifuniko ulichoniagiza ninacho. Nilikipata wiki ileile niliyokuwa nije kwako likizo, kinaingia sawasawa, nilikijaribu kwenye nyingine ya aina hiyohiyo. Kimo kwenye mfuko wa koti langu jeupe la kazini. Sijui nikipeleke wapi.

Mwanao,
Kijiko